Tabaka la Tatu

Mama hupanga machungwa ya Makueni
pale Marikiti, kabla adhana haijaisha:
tabaka la kwanza limebanana,
la pili limeketi vishimoni mwa la kwanza,
na la tatu, hapo mkono wake husita.
Vishimo vilivyobaki ni vya aina mbili.
Akilipanga sawia na la kwanza, ni moja-mbili, moja-mbili.
Akilisogeza kidogo, ni moja-mbili-tatu,
na rundo lina moyo mwingine
ingawa machungwa ni yale yale, na bei ni ile ile.

Nami niko Chiromo, chumba cha chini,
na chembe ya gadoliniamu, nyembamba kuliko unywele,
kati ya ncha mbili za almasi.
Bwana Wafubwa, fundi wa maabara, ndiye aliyenifunza kukaza skrubu:
robo mzunguko, pumua, robo tena.
"Almasi haikasiriki," husema. "Hupasuka tu."
Punje ya yakuti humo ndani hutupa kipimo
kwa wekundu wake unaohama.

Gadoliniamu huanza na moja-mbili.
Ikaze, inachukua mpango wa samariamu:
hesabu tabaka tisa ndipo urudi mwanzo.
Ikaze zaidi: nne, kama neodimiamu.
Zaidi: tatu.
Mtoto wa nyuma anavaa koti la kaka,
kisha la kaka wa kaka,
akirudi juu ya ukoo kila anapobanwa.

"Ni kukosa nafasi?" Mama aliuliza Jumapili, akimenya.
Nikasema hapana. Kwa mbili au kwa tatu, rundo hujaa sawasawa.
Ni elektroni. Zikifinywa
huhama chumba usiku bila kumwambia mwenye nyumba,
na asubuhi jengo zima limegeuka.
Alicheka mpaka akaweka kisu chini.
Sisi tulitoka Kariobangi hivyo hivyo,
miezi mitatu ya kodi nyuma yetu,
godoro kichwani pake, na mimi na jiko
lingali la moto.

Ndipo nikamweleza seriamu.
Hiyo, ikifinywa mara ya kwanza, haibadili mpango hata kidogo.
Kila atomu ina majirani wale wale, pande zile zile,
ila kwa ghafla inanywea:
karibu sehemu moja katika saba, haipo.
Ukitazama mpangilio utaapa hakujatokea kitu.
Mama akanyamaza na ganda mkononi.
Hakusema alimkumbuka nani.
Mimi pia sikuuliza.

Alhamisi stima zikapotea saa mbili usiku
skrubu ikiwa robo ya mwisho.
"Usiguse," akasema Bwana Wafubwa gizani.
"Shinikizo halili umeme."
Jenereta ya jengo la pili ikakohoa, ikakata tamaa.
Tukakaa tu, harufu ya spiriti puani,
na baina ya almasi mbili, bila taa, bila shahidi,
kitu kilikuwa kikisita
juu ya tabaka lake la tatu.