Kutoa Upepo

Jumanne, kwenye mteremko wa Bugarika,
nilikanyaga breki, mguu ukazama
kama unavyozama kwenye jaruba la mpunga:
taratibu, bila ubishi, mpaka chini.
Nyuma nina barafu ya kupeleka Mwaloni,
mbele kuna mama na beseni la nyanya.
Gia namba moja, hendibreki, ukuta wa mtu.
Ukuta wa Mzee Nkwabi nitaulipa mwezi ujao.

Fundi wa Nyakato akataja elfu arobaini.
Nikamwambia nitarudi.
Wote wawili tulijua sirudi.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili,
kila mtoto wa gereji anajua:
mmoja juu ya kiti, mmoja chini ya gari,
na maneno matatu yanayopita kati yao.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Mimi na Lubango ilikuwa siku ya nne hatusemeshani.
Laki mbili na nusu alimpa mdogo wake wa Ukerewe,
za nyavu,
nami nikaja kuambiwa na mdogo mtu, akinishukuru.
Siku nne, hata chumvi inaombwa kupitia mtoto.
“Mwambie baba yako chai iko mezani.”
Na baba yake amekaa hapo hapo, anaiona.

Sasa nimtume mtoto amwambie akanyage?

Nikashuka duka la dawa, Buzuruga.
“Mpira wa dripu, mmoja.”
“Nani anaumwa?”
“Pikapu.”
Nikaokota chupa ya maji ya nusu lita,
nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa,
nikatoboa kizibo mara mbili:
tundu la mpira, na tundu dogo la kupumulia,
maana hata chupa ukiibana sana inakataa kupokea.
Mafuta ya breki kidogo chini, ncha ya mpira izame humo,
upepo ukishatoka usipate njia ya kurudi.
Mawe ya kuzuia magurudumu sikununua.
Hapa Mwanza mawe ndiyo wenye nyumba,
sisi ni wapangaji.

Nikaanza na gurudumu la mbali, nyuma kushoto.
Spana namba kumi, robo mzunguko.
Napanda, nakanyaga. Nashuka, naangalia.
Mapovu yanakimbizana ndani ya mpira,
mafuta yanafuata, meusi kama chai iliyolala.
Napanda, nakanyaga mara tano. Nashuka. Najaza kikopo.
Tone likaangukia bodi, nikalikimbilia na maji;
mafuta haya yanakula rangi kuliko jua.
Saa nane mchana, magurudumu yote manne,
pedeli ikasimama juu, ngumu,
kama goti la mtu aliyekataa kuhama.

Nikacheka. Nikageuka kutafuta wa kumwambia.

Ikabaki klachi. Gia zilikuwa zinalia tangu Pasaka.
Klachi haina adabu ya breki:
ikiwa na upepo, ukiikanyaga inalala sakafuni,
hairudi mpaka uingize mkono uivute
kama ndama aliyekwama kwenye tope.
Kanyaga, vuta, shuka, lala chali, fungua.
Kanyaga, vuta, shuka.
Chupa yangu haikuwa na mguu, wala mkono.

Mara ya saba, nikiwa chali, mafuta yamefika kiwikoni,
nikasikia mlango unafunguka.
Pikapu ikainama kidogo upande wa dereva.
Naujua uzito ule.
Kandambili ikadondoka karibu na sikio langu,
ya bluu, mkanda wake umeshonwa kwa waya,
waya wangu.

Hakusema kitu. Alikuwa anasubiri.

Kutoka kule chini ningeweza kusema mengi:
nyavu, mdogo wake, ada ya Kabula.
Nikashika spana.
“Kanyaga,” nikasema.
“Nimekanyaga.”
“Shikilia.”

Akashikilia
mpaka nikaona kisigino chake kinatetemeka,
na mapovu yalikuwa yamekwisha zamani,
nami sikuwa na haraka ya kusema achia.