Vali ya Njia Moja

Wiki ya tatu sasa Datsun inatetemeka
kila nikisimama Mbale kwenye kizuizi cha polisi,
trei za mayai zinagonga meno kiti cha nyuma
nami nimeshika usukani kama anayemshika mgonjwa wa malaria
asidondoke kitandani.

Nikikanyaga mafuta, inatulia. Nikiachilia, inataka kufa.
Halafu breki.
Mteremko wa Kiboswa, ziwa limelala kule chini kama bati jipya,
nakanyaga, na pedali imekuwa gogo.
Nakanyaga kwa mguu, kwa kiuno, kwa jina la mama,
ikasimama pua kwa pua na punda wa maji
aliyenitazama tu, akaendelea kutafuna.

Fundi wa kwanza, Kisumu, alibadilisha plagi.
Wa pili alifungua kabureta, akaiosha, akaifunga,
akanitilia skrubu moja kiganjani:
"Hii ilibaki, lakini haina kazi."
Wa tatu alisema niuze vyuma kwa kilo.

Kegode yuko Chavakali, nyuma ya kinu cha mahindi,
nyusi zake nyeupe kwa unga wa jirani.
Hakutaja pesa. Aliuliza: "Asubuhi inasemaje?"
Inasema sss, nikamwambia,
kama mtu anayetaka kunyamazisha watoto.

Akachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni,
ncha nyingine akaitembeza juu ya injini inayounguruma.
Kisha akamwita Vugutsa, mchoma mahindi wa ng'ambo ya barabara,
alete gunzi linalofuka moshi.
Petroli pale, moto hapa.
Nilirudi nyuma hatua nne, nikaongeza ya tano.

Moshi ulipanda wima, kivivu,
ukafika kwenye kidude cheusi kisichozidi kidole gumba,
ukapinda.
Ukaingia ndani ya ufa ambao jicho halikuuona,
kama nyoka anayejua kwao.

"Huyu," akasema Kegode.

Akauchomoa mpira, akanishika mkono bila kuomba ruhusa,
akaweka kidole changu mdomoni mwa injini.
Ikakinyonya. Haki ya Mungu, ikakinyonya
kama ndama aliyefiwa na mamake.
"Hakuna kitu humo," akasema. "Ndiyo maana inavuta.
Petroli inaitwa na utupu. Mguu wako kwenye breki unasaidiwa na utupu.
Ukiuachia hewa ya bure, unakuwa mvivu kama sisi wote."

Na mimi nimelelewa kwa debe tupu haliachi kuvuma.
Hakuna aliyeniambia kuna utupu usiovuma,
unaofanya kazi kimya kimya chini ya boneti
tangu mwaka wa sabini na nane.

Vali mpya haipo, si Kisumu, si Nakuru;
kiwanda kilishasahau kwamba kiliwahi kuizaa.
Kegode akaingia kwenye nyasi nyuma ya kinu,
kwenye mzoga wa Peugeot uliootwa na boga,
akasogeza majani, akarudi na nyingine, ina tope.
Akaipangusa kwa suruali. Akapuliza: pumzi ikapita.
Akaigeuza, akapuliza, mashavu yakajaa yakakwama.
"Kwenda, ndiyo. Kurudi, hapana."

Nilijaribu mwenyewe. Ladha ya mafuta na kutu.
Nikakumbuka mambo mawili matatu
yaliyopita ndani yangu kwa mtindo huo,
lakini Kegode alikuwa akingojea mia tano yake,
na mayai yalikuwa juani.

Leo nimeteremka Kiboswa kwa ncha ya kiatu.
Pale Mamboleo Datsun ilinguruma taratibu, trei hazikugongana,
kimya kikawa kingi mno, hata nikasikia
mlango wa kushoto ukilia kwi, kwi, kwi.
Sijui umelia miaka mingapi.

Ile vali mbovu iko kwenye kijisahani cha majivu,
pamoja na skrubu isiyo na kazi.
Kegode nitamwona Alhamisi.