Kijiko cha Nne

Nilianza kwa kukiaga kijiko cha nne.
Ilikuwa Jumatatu, Kibo iko wazi tangu alfajiri,
nyeupe, imekaa pale juu kama dhihaka:
mlima mzima wa sukari
na mimi sina ruhusa ya kulamba.

"Mzee Kiwia," alisema Sista Ndekirwa pale kliniki,
"damu yako imekuwa togwa."
Nikamjibu kwa utani wetu wa watu wa reli:
"Basi iache ichachuke, tuuze mbege."
Hakucheka.
Aliandika mistari ya siafu kwenye karatasi,
akanipa vidonge, akanipa na amri:
maji, miguu, usingizi wa mapema,
na sukari, baba, sukari iwe historia.

Historia naijua. Haiondoki kwa siku moja.

Wiki ya pili nikakiaga kijiko cha tatu.
Chai ikawa na ladha ya kitambaa.
Nikanuna kuanzia Njoro hadi sokoni Mbuyuni,
nikagombana na muuza ndizi juu ya shilingi mia
ambayo sikuwa hata na haja nayo.

Sasa saa kumi na moja alfajiri niko macho.
Maji ya uvuguvugu, kikombe cha bati,
kile chenye herufi E iliyokwaruzwa kwa msumari.
Nafunga kamba za raba, nashika njia ya reli,
nahesabu mataruma niliyoyatunza miaka thelathini
bila kuyakanyaga kwa starehe hata siku moja.
Siku ya kwanza, mia mbili tu,
nikakaa juu ya chuma nikihema
kama kichwa cha treni kinachodai makaa.
Leo nimefika elfu moja na kidogo.
Hicho kidogo sikisemi, nakiweka akiba.

Nikirudi, nainama kwenye mtaro wa jikoni.
Hapo Elinaisa alipanda mchaichai,
pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita.
Alikuwa akiniita: "Baba Nderingo, onja."
Nami: "Hiyo chai ya wagonjwa, mpelekee mgonjwa."
Alipotangulia, nikashika panga,
miaka kumi na mmoja nikafyeka kichaka chake
nikamtupia mbuzi, nikidhani ni majani.
Ndiyo maana mbuzi yule alizeeka vizuri,
macho maangavu, hatua nyepesi,
na mimi nikiteremka kwa miguu iliyokufa ganzi.

Nakata mabua matatu. Nayafunga fundo,
hivi alivyofunga yeye, kama anasuka nywele za mtoto.
Tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba,
naiponda kwa jiwe, sio kwa kisu,
kwa kuwa kisu, alisema, huifanya iwe na hasira.
Sufuria ikianza kuimba natoa moto,
nafunika, nasubiri.
Kusubiri ndiyo dawa nisiyoandikiwa.

Sisemi kwamba jani limeniponya.
Vidonge nameza, tarehe za kliniki zipo ukutani
kwa kalamu nyekundu,
na Sista Ndekirwa bado hacheki,
ingawa mara ya mwisho alitazama kipimo mara mbili
akasema, "Hm."
Nimeishi na hiyo "Hm" wiki nzima
kama mtu aliyepandishwa cheo.

Na nisijisifu. Jumapili baada ya ibada
nusu kijiko hurudi kinyemela.
Nakitazama, kinanitazama,
tunajuana.

Ila harufu ile, mvuke ukipanda
nikiwa nimeinamisha uso juu ya bati,
ni harufu ya mikono ya mtu
akinisogezea kikombe mara ya mia
bila kuchoka, bila kusema neno.
Nimechelewa, mama. Nimeonja.

Leo mlima umejifunika gubigubi.
Sukari yote imefichwa.
Na mimi, peke yangu jikoni,
naapa nimesikia
kabati likifungwa taratibu.