Jumatatu na Alhamisi

Nilipanda Bugando na kanga iliyolowa,
saa mbili asubuhi, upepo wa ziwa bado baridi,
nami nachuruzika kama barafu ya sangara inayongoja lori.

Daktari Nyanjige hakucheka.
Aliuliza ambayo hata Masalu, miaka thelathini, hajaniuliza:
hedhi ya mwisho lini, usiku unaamka mara ngapi,
mama yako alikufa na nini,
titi lina uvimbe, mguu mmoja umewahi kuvimba ukauma?
Kizazi bado unacho?
Ninacho, nikasema, kimestaafu bila kiinua mgongo.
Hapo akacheka.

Presha akapima mara mbili,
ya kwanza nilikuja nayo pamoja na mlima.
Akaandika: kibandiko, chini ya kitovu,
Jumatatu kulia, Alhamisi kushoto,
kwenye titi kamwe.
Na kidonge cha kulalia, cha kulinda kizazi.
"Hivi ni Kulwa na Doto, mama.
Usimbebe mmoja ukamwacha mwenzie."
Dozi ndogo. Miezi mitatu, urudi.
Ukiona damu, usingoje miezi mitatu.

Duka la kwanza Makoroboi hawana.
La pili, kijana akapaza sauti mbele ya foleni:
"Vya uzazi wa mpango, bibi?"
La tatu wakapiga simu Dar,
siku nne, basi la usiku,
bei ya ndoo mbili za dagaa.

Wiki ya kwanza jasho la Mwaloni lilikibandua.
Nilikitafuta chini ya mizani, ndani ya daftari,
nikakiona kimenata kwenye gunia liendalo Goma.
Sasa nakausha ngozi kwanza, sipaki mafuta hapo,
nakigandamiza kwa kiganja
huku nikihesabu kumi, polepole, kama mdeni.

Siku ya ishirini hivi niliamka asubuhi.
Maana yake nililala.

Mwajabu wa mizani ya pili amekuwa akinihesabia:
"Jumatatu, Alhamisi, unajifungia stoo.
Umeanza Sunna, wewe Mkatoliki?"
Nikamwonyesha.
Akanyoosha mkono: niazime kimoja.
Nimemwazima kiberiti, ndoo, turubai,
hata Masalu, kumsukumia pikipiki.
Hiki, hapana.
Akanuna hadi adhuhuri.

Kisha, akichambua dagaa ambao wameshachambuliwa,
akasema alipomzaa Zubeda damu iliganda mguuni,
wa kushoto, akalazwa wiki tatu,
na kwamba siku hizi usiku
hukaa uani, miguu ndani ya beseni,
mpaka adhana.

Sikuwa na jibu. Mimi napima dagaa.
Labda atapewa kingine, labda hatapewa chochote,
yapo maswali ya yule daktari yanayofunga mlango
na yapo yanayofungua dirisha.

Kesho Jumanne. Mizani itakaa na kijana wa Nkamba.
Tutapanda wawili.
La mguu atalisema mwenyewe;
mimi nitabeba kanga ya akiba.