Pindo

Kirusi nilichokichagua ni kile kilacho bakteria:
kichwa cha pembe nyingi, mkia kama sindano ya cherehani.
Nikakipunguza matumbo, nikabakiza ya safari,
nikakishonea humo kipande cha damu yangu.
Mwizi wa nyumba za watu, leo ni mchukuzi.

Bugando, ghorofa ya tatu. Umeme umekatika mara mbili.
Nashika mlango wa friza
kama anayepima homa ya mtoto kwa kiganja.
Huko chini Kirumba imezimika yote;
ziwani tu, wavuvi wa dagaa, taa zao
zimelitoboa giza vitobo vitobo.

Asubuhi sahani yangu inafanana na ule usiku:
bakteria wametanda weupe, uji wa muhogo uliopoa,
na ndani yake matundu safi, ya duara.
Kila tundu ni kijiji kilichokufa
na nakala zangu maelfu zikitoka mlangoni.
Nilihesabu hadi mia nne nikachoka.
Mawili tu ndiyo yaliyobeba nilichotafuta.

Nilidhani nitasoma sentensi.
Nikakuta neno, kisha pori,
neno, kisha pori refu kama njia ya Geita isiyo na kituo,
neno tena. Vipande vitatu vya maana,
na katikati herufi zinazotembea tu,
ambazo seli huzikunja, huzikata, huzitupa
kabla ya kutengeneza damu.
Nilikasirika, kusema kweli. Nani anaandika hivi?

Mama, Makoroboi, kwenye cherehani yake,
alinisikiliza pini zikiwa midomoni.
Akageuza gauni la mteja ndani nje:
"Hili pindo mteja halilipii.
Likate lote, uone kama gauni litafika harusini."

Sikumwambia siku ile habari ya kipande cha kwanza,
pale palipotakiwa A, pana T.
Basi. Hiyo tu.
Selimundu yote inaanzia hapo.
Mimi ninayo moja. Nkwimba alikuwa nazo mbili,
na miaka kumi na mmoja
ya kulilia magoti usiku.

Nilimwambia Jumapili.
Hakuuliza maana ya A wala ya T.
Aliuliza: "Hizo mbili za Nkwimba, moja yangu?"
Nikasema, moja yako, moja ya baba.
Alivuta uzi, akaukata kwa meno,
akaanza kushona mkono wa pili.