Namba Saba Yenye Unyayo Mpana

Vyuma vya kwanza nilivinunua kwa macho.
Vyembamba, vinang'aa kama wembe ambao haujanyoa,
vimelala katika mfuko wa ngozi wa marehemu mhandisi wa reli.
Mjane wake alinipunguzia bei, akaniongezea na soksi za kuvifunika.
Nikavibeba kwa baiskeli kutoka Cheyo hadi Isevya,
watu wakidhani nimenunua vipande vya bomba.

Juni, alfajiri, Tabora baridi inang'ata.
Nikapiga mpira kwa ncha, kwa kidole, kama wanavyosema wenyewe.
Chuma kikanitetemesha mifupa hadi kiwikoni,
mpira ukaenda upande hatua kumi na tano
ukaingia kwenye karanga za mama Nyanzala.
Yeye keshazoea: ana kopo lake,
anatuuzia mipira yetu wenyewe, mmoja mia tano.

Mihambo, aliyenibebea mfuko, hakucheka.
Alikigeuza kile chuma kama fundi ageuzavyo saa ya mtu.
"Hiki, mama, ni cha asiyekosea.
Katikati yake ni punje ya mtama.
Ukiigonga, asali.
Ukiikosa, nyuki."

Jumamosi akaja na namba saba ya mtumba,
nene, imepauka, sura ya mwiko wa kusongea ugali wa msiba.
Mgongo umechimbwa, uzito umesukumwa pembezoni
kama mtu aliyesogeza makabati ukutani
wageni wapate pa kukaa.
Unyayo mpana, hauzami ardhini.
Shingo imerudi nyuma kidogo, inaungoja mkono uliochelewa.
Mpini mwepesi:
"Miaka hamsini na nane, mama, si mabega ya kugombana na chuma."
Nikasema, kibaya.
Akasema, "Uzuri utautazama ukifika nyumbani."

Nikapiga. Kwa kidole tena; nilijua, mkono uliniambia.
Mpira ukainuka.
Haukufika nilikotaka, ulipungua hatua ishirini,
ukaegemea kulia,
lakini ulitua ndani ya kiwanja, juu ya nyasi zilizoungua,
mahali ninapoweza kuupiga tena.

Nikasimama pale.
Kumbe kusamehe ndiko huku:
si kukwambia hukukosea,
ni kukuachia pigo la pili.

Miaka thelathini na mmoja nilipima tumbaku ya chama cha msingi.
Mzani wangu haukuchimbwa mgongo.
Unyevu ukizidi, rudisha.
Daraja likiteleza, naandika ninachokiona.
Nilisifiwa. Cheti kipo, kimetundikwa juu ya friji.
Kapela wa Sikonge alileta robota moja, mvua imemkuta njiani,
pembe imelowa, pembe moja tu,
nami nikasema, rudisha.
Akalifunga upya kwa kamba ya katani, taratibu,
hakusema neno.
Lile fundo ndilo ninalolikumbuka.

Nilikuwa wembe, nang'aa.

Sijui Kapela yuko wapi. Nimeuliza watu wawili.
Simhubirii mtu. Namwambia tu anayeanza,
na yule ambaye mipigo yake ni mirefu kama deni la dukani:
usinunue kwa macho.
Kishike, kigeuze, nyuma kumechimbwa?
Pitisha kidole gumba kwenye unyayo, upana wake unatosha?
Kisha kigonge pabaya, kwa makusudi,
usikie kinakujibu nini.
Muuzaji akikukataza kujaribu, mwachie chuma chake.

Vile vyembamba bado ninavyo, nyuma ya mlango.
Mihambo huvitazama akija kunywa chai.
Siku moja nitampa; mkono wake unavistahili.

Leo nimemaliza mashimo tisa kwa mipigo sabini na miwili,
la mwisho nikilikosa mara nne
kwenye ule mchanga uliomwagiwa oili chafu.
Ni mingi, najua.
Mama Nyanzala ameuza mipira mitatu tu,
na amenuna.