Daftari la Matango

Tramu ikipita nje ya duka langu, hapa Liepāja,
bisibisi zote hutetemeka kwenye kisahani.
Watu huniletea mashine,
na kila mashine huja na maoni ya mwenyewe,
ambayo siyatozi.

Wapo wa tufaha, wapo wa dirisha,
na wachache, wenye ndevu, wa pengwini.
"Tufaha ni ghali," asema dereva wa tramu, "lakini halikohoi."
"Dirisha," asema Skaidrīte muuza maua,
"hujisasisha saa ileile nitoapo risiti ya shada la maziko.
Asilimia thelathini. Asilimia thelathini.
Na maiti anasubiri."

Vilnis, yule wa pengwini, huandika programu
na hunywa kahawa yangu.
Ipo lugha mpya, asema, haikuruhusu kukosea:
ukiteleza tu, inakukatalia kabla hujafika mbali.
Nikamwambia lugha hiyo ningeihitaji kwa mama mkwe.
Hakucheka. Akarudi kwenye hoja yake ya kila siku:
nywila iwe na herufi ishirini na nne,
usiiandike popote, usimwambie mtu,
na juu yake msimbo wa simu, kufuli juu ya kufuli.

"Mimi nimeandika," akasema Bi Zigrīda,
akatoa mkobani daftari lenye madoa ya siki.
Vilnis akashika kichwa
kama aliyeona mtoto na wembe.

Lakini lilikuwa daftari la mapishi.
Ukurasa wa benki: *Matango ya chumvi.
Maji lita tatu. Shibiti mashina saba.
Chumvi kwa mkono wa Arvīds. Usifunike.*
Ukurasa wa barua pepe: supu ya uyoga.
Ukurasa wa pensheni: keki asiyowahi kuipika.
"Mwizi akiliiba," alisema, "atashiba."

Februari, penye barafu, kando ya mfereji,
Vilnis aliteleza.
Yeye alisimama. Simu haikusimama.
Misimbo yote ilikuwa mle,
na ile ya dharura ilikuwa winguni,
na mlango wa wingu hufunguliwa kwa simu.
Siku tatu alikaa kwenye kigoda changu
akiiambia mashine kwamba yeye ni yeye.
Ikamwonyesha picha, achague zenye taa za barabarani.
Akachagua. *Jaribu tena.*
Akachagua hata nguzo, hata kivuli cha nguzo.
*Jaribu tena.*
Alinitazama, macho mekundu:
"Ojārs, taa ya barabarani ni nini, kwa kweli?"

Bi Zigrīda hakumcheka.
Alimletea chupa ya matango.

Nami ningesema nini?
Mganga hajigangi:
nywila yangu ni jina la mbwa aliyekufa
na tarakimu moja, kwa sababu walilazimisha.

Kisha mtoto wa jicho ukamwingia bibi yule.
Mwezi wa Mei alilisukuma daftari juu ya meza,
likapita kati ya kibodi mbili zilizopasuka:
"Nisomee la benki. Polepole."
Nikasubiri tramu ipite, nikasoma.
Vidole vyake vikatafuta herufi mojamoja,
kama achambuaye dengu gizani.
Mlango ukafunguka, pensheni ikaonekana,
ndogo, ikiwa salama kabisa.

Tangu siku hiyo nimebeba kitu kisicho changu.
Najua kufuta diski hadi isikumbuke hata jina lake.
Hiki nimekipangusa, nimekifunika, nimelala juu yake,
na asubuhi nakikuta macho.

Jana sokoni nilitaka shibiti.
"Mashina mangapi?" akauliza muuzaji.
"Saba," nikasema,
kisha nikageuka haraka
kutazama nani kasikia.